Nomino Ndefu za Kiingereza Zisomwe Kuanzia Mkiani

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokutana na neno refu la Kiingereza, tuseme "responsibility", hufanya jambo ambalo lugha yake imemzoesha tangu utotoni. Huanzia kushoto, huipa kila irabu haki yake kamili, halafu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ri-spon-si-bi-LI-ti. Hakuna herufi iliyorukwa, sarufi ya sentensi huenda haina dosari, na bado msikilizaji anaomba arudiwe. Hapo mashauri humiminika: sikiliza redio ya Waingereza, kariri, usiogope kukosea. Si mashauri mabaya, ila hayamwambii mtu afanye nini neno geni linapomkodolea macho kwenye karatasi. Ushauri wa makala haya ni mwingine. Neno refu la Kiingereza lisomwe kuanzia mkiani. Kiambishi cha mwisho ndicho kinachoamua mkazo uende wapi, na anayekijua hupata matamshi ya maelfu ya maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakitamkwa. Tena stadi hii si ngeni kwa Mswahili kama inavyodhaniwa, kwa sababu lugha yake mwenyewe hupima mkazo kutoka mwisho.

Tazama "wajibu". Mkazo uko kwenye ji: wa-JI-bu. Ongeza kiambishi upate "wajibika", mkazo unahamia bi: wa-ji-BI-ka. Endelea mpaka "uwajibikaji", nao umeshafika ka: u-wa-ji-bi-KA-ji. Mzizi ni ule ule, lakini mkazo haukujifunga kwenye mzizi. Umefuata mkia kila ulipokua. Maneno machache tu ndiyo hukaidi: "lazima" ambayo wengi huikaza mwanzoni, au "barabara" ambayo ikikazwa BA ya pili ni njia ya magari, ikikazwa RA ya kwanza ni sawasawa. Kwa hiyo Mswahili hana haja ya kufundishwa kwamba mkazo unaweza kuhama neno linaporefuka. Anauhamisha siku nzima bila kujua. Anachohitaji ni kujua kwamba Kiingereza hakina kanuni moja ya mkia bali kadhaa, na kwamba kila mkia una kanuni yake. Hata kuhesabu silabi si tatizo kwake. Anayejua kupima mizani ya shairi, nane kwa nane, anaweza kukwambia mara moja kwamba "uwajibikaji" una mizani sita. Jambo la kufurahisha ni kwamba neno linalotumiwa sana na Waingereza kwa maana hiyo hiyo, "accountability", nalo lina sita: a-kaun-ta-BI-li-ti.

Lakini kwa nini mkazo uwe na uzito wote huu? Kwa Kiswahili, mkazo ukikosewa kwa kawaida neno husikika la kigeni tu, kwa sababu irabu zetu tano hazibadiliki: a ni a, ikazwe isikazwe. Kiingereza hakiko hivyo. Silabi inayopoteza mkazo hupoteza pia irabu yake, ikabaki sauti hafifu isiyo a wala e wala o. Chukua "photograph", inayokazwa mwanzo: FOU-ta-graf. Ongeza y upate "photography", na mkazo unahamia silabi ya pili: fa-TO-gra-fi. O ya kwanza iliyokuwa nene imefifia, na ile iliyokuwa hafifu imepata sauti kamili. Kwenye "photographic" mkazo umehama tena: fou-ta-GRA-fik. Maandishi yanafanana kwa herufi zaidi ya nane, lakini masikio yamepokea maneno matatu yenye irabu tofauti. Anayekaza mahali pasipo pake hakosei mkazo pekee. Amekosea irabu za neno zima.

Kuna ushahidi wa kitaalamu juu ya jinsi Waingereza wanavyoutegemea mkazo. Anne Cutler, mwanaisimu saikolojia wa Australia aliyefanya kazi miaka mingi mjini Nijmegen, Uholanzi, alionyesha pamoja na David Carter mwaka 1987 kwamba katika mazungumzo ya Kiingereza takriban maneno 9 kati ya 10 yenye maana kamili huanza na silabi yenye irabu nzito. Msikilizaji, bila kujitambua, huichukulia silabi nzito kuwa mwanzo wa neno jipya. Sasa fikiria mtu anayetamka "university" kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho: yu-ni-va-SI-ti. Mwingereza amesikia mwanzo wa neno jipya kwenye si, na neno hilo lipo, nalo ni "city". Kwa nukta moja akili yake imekwenda mjini wakati msemaji yuko chuo kikuu.

Tuanze na mkia ulio rahisi kuliko yote, ambao kwa bahati mbaya ndio unaoharibiwa zaidi: "-tion" pamoja na nduguze "-sion" na "-cian". Kanuni yake haina mzunguko: mkazo hukaa kwenye silabi iliyo mara tu kabla yake. "Education" ni e-dyu-KEI-shn, "registration" ni re-ji-STREI-shn, "politician" ni po-li-TI-shn. Hesabu kutoka mwisho uone: mkia ni silabi moja, na mkazo uko kwenye ya pili. Ni mahali pale pale Kiswahili kinapotaka! Mswahili angepaswa kupata maneno haya yote bila jasho. Kinachomponza si mkazo, ni silabi ya ziada. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia na irabu, kwa hiyo neno la kukopa huongezewa irabu mwishoni: "station" ikawa stesheni, "operation" ikawa operesheni, "television" ikawa televisheni. Ndani ya Kiswahili hayo ni matamshi sahihi kabisa, na asitokee mtu wa kuyasahihisha. Lakini mtu akizungumza Kiingereza na bado akaongeza ile i ndogo, mkia umekuwa na silabi mbili, na mkazo wa pili kutoka mwisho umeangukia "she" badala ya silabi iliyotangulia. Dawa si kujifunza mkazo mpya. Dawa ni kufunga neno kwenye n. Nasi n hiyo tunayo tayari: n ya "nchi" husimama yenyewe kama silabi bila kuegemea irabu yoyote. Tamka "shn" kwa n hiyo, mkazo utajipanga wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa mkia "-ism", ambao wengi huutamka "izimu". Tunayo m ya "mtu" inayojitegemea. Ipeleke mwishoni mwa neno, useme "izm", na usiongeze kitu.

Mikia mingine inayokubaliana na mazoea yetu ni "-ic" na mikia ya magonjwa. "Economic" ni i-ka-NO-mik, "hepatitis" ni he-pa-TAI-tis, "tuberculosis" ni tyu-ba-kyu-LOU-sis. Mwanafunzi wa uuguzi ana sababu ya kushukuru hapa, kwani msamiati wake mwingi unakazwa mahali alipozoea. Tahadhari yake ni ile ile: asiongeze irabu mwishoni.

Penye shida ya kweli ni kwenye mikia inayorudisha mkazo hatua moja nyuma, kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Kinara wake ni "-ity": ri-spon-si-BI-li-ti, yu-ni-VAA-si-ti, i-LEK-TRI-si-ti. Katika mfano huu wa mwisho kuna silabi mbili zinazosikika, lakini iliyo nzito zaidi ni TRI. Pamoja nacho ziko nomino za elimu na utawala zilizotokana na Kigiriki: "biology" ni bai-O-la-ji, "geography" ni ji-O-gra-fi, "democracy" ni di-MO-kra-si, "economy" ni i-KO-na-mi. Tazama lilivyo jambo zito: haya ndiyo maneno ambayo mtoto wa Tanzania, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anakutana nayo kwa wingi mara tu anapoingia Kidato cha Kwanza na kukuta masomo yamegeuka Kiingereza. Anayatamka bai-o-LO-ji na de-mo-KRA-si kwa sababu kanuni yake ya nyumbani inamwambia hivyo. Mwalimu akimsahihisha neno moja moja, atamaliza mwaka akisahihisha. Akimwambia mara moja kwamba maneno yenye mikia hii hurudi hatua moja nyuma, amemsahihishia kamusi nzima. Kulinganisha "economic" na "economy" kunatosha kwa somo la dakika kumi: mzizi mmoja, mikia miwili, mikazo miwili.

Ipo pia mikia isiyogusa kitu. "Citizen" hukazwa mwanzo, na "citizenship" hubaki vile vile: SI-ti-zn-ship. "Happy" na "happiness", "neighbour" na "neighbourhood", zote zinakazwa pale zilipokazwa kabla ya kurefushwa. Sababu iko kwenye historia. Viambishi "-ness", "-ship", "-hood" na "-dom" ni vya asili ya Kiingereza chenyewe, vya wale Waanglo-Saksoni waliokuwapo kabla ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Baada ya hapo Kifaransa kilikalia mahakama na ikulu kwa vizazi vingi, kisha wasomi wakafuata na shehena ya Kilatini na Kigiriki, na mikia kama "-ity" na "-tion" ikaingia pamoja na tabia yake ya kuvuta mkazo. Kiingereza cha leo kina nyumba mbili chini ya paa moja, na tofauti inasikika wazi pale neno moja linapoweza kubeba mkia wa nyumba yoyote: "sensitiveness" hubaki SEN-si-tiv-nes, lakini "sensitivity" huvutwa mpaka sen-si-TI-vi-ti. Mpaka wenyewe si ukuta, hata hivyo. "-ment" imetoka Kifaransa lakini ina adabu za kienyeji, haihamishi mkazo: "manage" na "management" zote hukazwa mwanzo, MA-nij-ment, wakati sisi tumeshamzoea meneja wetu aliyekazwa ne. Na kinyume chake wapo "-ee" na "-eer" ambao huuchukua mkazo wote wao wenyewe, mwishoni kabisa mwa neno: re-fyu-JII, vo-lan-TIA.

Njia hii ijaribiwe kwa neno refu kweli: "internationalization". Lina herufi 20, na watu wa kompyuta wamechoka kuliandika kiasi cha kulifupisha kuwa i18n, yaani herufi ya kwanza, herufi 18 za katikati, na ya mwisho. Mtu akilianza kushoto atachoka kama wao. Akilianza mkiani anaona "-ation", na suala la mkazo mkuu limekwisha: uko kwenye zei. Kisha ajenge neno kutoka mzizini. "Nation" ni NEI-shn. "National" inabadilisha irabu lakini mkazo haubanduki: NA-shnal. "International" inaongezewa kiambishi mbele, na viambishi vya mbele kwa kawaida havina nguvu ya kuhamisha mkazo: in-ta-NA-shnal. "Internationalize", bado NA. Ni pale tu "-ation" inapoingia ndipo mkazo unaruka: in-ta-na-shna-lai-ZEI-shn. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi: mkazo wa zamani haufi. NA iliyokuwa nzito hubaki na uzito wa daraja la pili, na ndiyo inayolipa neno refu mwendo wake, mapigo mawili yenye nafasi kati yake. Vivyo hivyo kwenye "responsibility", SPON ya "responsible" inasikika kwa chini kabla ya BI. Anayekaza silabi moja tu na kuzimeza nyingine zote atasikika kama anayekimbizwa.

Wapenda maajabu watauliza kuhusu "antidisestablishmentarianism", neno la herufi 28 linalotajwa sana kuliko linavyotumiwa. Lilitokana na ubishi wa kweli wa karne ya 19 juu ya kulitenga Kanisa la Anglikana na dola, jambo lililotokea Ireland kwa sheria ya mwaka 1869. Lisomwe mkiani: "-ism" haigusi mkazo, kwa hiyo iwekwe kando, kabla yake iko "-arian", ambayo hukaza silabi yake ya kwanza kama kwenye "vegetarian" na "humanitarian". Mkazo mkuu uko basi kwenye TEA ya -TEA-ri-an-izm. Herufi zote zile, na uamuzi umefanyika kwa kutazama mikia miwili. Wenye kupenda Shakespeare nao wana neno lao, "honorificabilitudinitatibus", analolitamka mchekeshaji Costard katika tamthilia ya Love's Labour's Lost. Ni Kilatini, na kila konsonanti ndani yake inafuatwa na irabu mpaka karibu na mwisho, hivyo Mswahili hulisoma vizuri kuliko Mwingereza. Halina faida nyingine ninayoijua.

Sasa mapingamizi, na yapo yenye uzito. La kwanza ni la heshima: kwa nini tujitese kuwaiga Waingereza? Kiingereza cha Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kina sauti yake, na watu wanaelewana. Jennifer Jenkins, mwanaisimu Mwingereza, aliliunga mkono wazo la aina hii katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa. Aliorodhesha mambo ya matamshi yaliyo ya lazima ili wageni waelewane, na mkazo wa ndani ya neno hakuuweka humo. Nakubaliana naye nusu. Mkenya na Mganda wanaozungumza juu ya biashara hawana sababu ya kuona haya kwa matamshi yao, na anayewacheka hana kazi. Lakini kuelewana kwao kunategemea kuwa na mazoea yanayofanana. Wakitoka nje ya duara hilo, hali hubadilika. Mtafiti John Field aliwasikilizisha wazawa wa Kiingereza na wanaojifunza maneno ya silabi mbili ambayo mkazo wake ulihamishwa kwa makusudi, na katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005 aligundua kwamba kosa la kuusogeza mkazo kulia liliharibu ufahamu kuliko la kuusogeza kushoto, kwa makundi yote mawili. Maneno yake yalikuwa mafupi, kweli, lakini mwelekeo wa kosa ndio unaotuhusu. Mswahili akikosea, karibu kila mara hukosea kuelekea kulia: uni-VER ikawa univer-SI, MA-nager ikawa ma-NE-ja. Kosa letu la mazoea ndilo lililo ghali zaidi. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi kwa simu na kampuni ya ng'ambo, au mkalimani, au mtangazaji, halipi gharama hiyo kwa ajili ya utambulisho wake. Analipa bure.

La pili husema: watoto wa Kiingereza hawafundishwi kanuni hizi, wanasikia tu, nasi tusikie. Kwa maneno mafupi hoja hii inatosha. Lakini nomino ndefu ni maneno ya maandishi. Mtu hukutana na "accountability" kwenye ripoti, "jurisprudence" kwenye kitabu cha sheria, na huenda miezi ikapita kabla hajamsikia mtu akiyatamka. Pengine atakayemsikia ni mwenzake aliyeyapata kwenye karatasi hiyo hiyo. Sikio haliwezi kuiga lisichosikia. Hapo jicho lililozoea mikia ndilo lenye msaada.

La tatu ni kwamba kanuni zina vighairi, na hata wenyewe hawakubaliani. Ni kweli. "Arabic" na "politics" zinakazwa mwanzo kinyume cha kanuni ya "-ic". "Television" yenyewe wengi huikaza mwanzo. Mwingereza husema "laboratory" kwa kukaza silabi ya pili, Mmarekani huikaza ya kwanza. "Advertisement" nayo imewagawa. Lakini tazama ugomvi unapotokea: kwenye "-ory" na "-ment", au kwenye mzizi wenyewe, si kwenye "-ity" wala "-ology". Tangu Noam Chomsky na Morris Halle walipochapisha The Sound Pattern of English mwaka 1968, wanaisimu wamebishana sana juu ya jinsi kanuni ziandikwe, lakini kwamba sehemu kubwa ya mkazo wa Kiingereza inatabirika kutokana na umbo la neno, hilo halijaanguka. Kanuni inayokosea mara chache ni bora kuliko mazoea yanayokosea mara nyingi.

Kwa mazoezi, daftari la msamiati lipangwe kwa mikia, si kwa alfabeti wala kwa mada. Ukurasa mmoja uwe wa "-ity", mwingine wa "-tion", mwingine wa "-ology" na jamaa zake, na kila neno liandikwe pamoja na mzizi wake ili mkazo uonekane ukihama. Kwenye kamusi, usiishie kwenye maana. Kiko kialama kama mkwaju mdogo uliosimama juu ya mstari, na huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, si baada yake. Kile kilichoshuka chini ya mstari ni cha mkazo wa daraja la pili. Wengi hukiona kwa miaka bila kujua kinasema nini. Kamusi za simu zina sauti pia, lakini sauti isikilizwe baada ya mtu kukisia mwenyewe kwa kutazama mkia, kwa sababu anayesikiliza kwanza hana alichojaribu.

Njia hii ina mipaka yake, na mpaka ulio wazi zaidi ni majina. Mkia hautakusaidia kujua kwamba mji wa Leicester hutamkwa kwa silabi mbili tu, Les-ta, au kwamba Worcester ni Wus-ta. Majina ya watu na miji yalikwisha kusagwa na vinywa vya wenyeji kabla ya kamusi kuandikwa. Kwa hayo, uliza mwenyeji.